Nyota Isiyoonekana Kwetu

Mzee aliyeniuliza swali lile sikupata kumwona kwa macho yangu mpaka akaingia kaburini, lakini siku yenyewe naikumbuka, mwanangu, hata joto la kile kibanda cha simu nalikumbuka. Kilikuwa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika hapa Guangzhou, nyuma kidogo ya jengo la Tianxiu, hapa hapa ambapo leo nina ofisi ya kusafirisha mizigo ya watu kwenda Dar na Unguja. Wakati huo sikuwa na ofisi wala mizigo. Nilikuwa mwanafunzi, msichana wa Kizanzibari mwenye baibui moja zuri na maneno mengi, na nyinyi mnaoniita bibi leo mngeniona siku zile msingenipisha kiti.

Nakuhadithia kwa sababu ya neno ninalolisikia kila wiki humu ndani. Mnakuja, wa chuo na wa biashara, nawauliza: ule ufundi wa babu yako sasa anaushika nani? Zile nyimbo za bibi yako nani anazijua? Jibu ni moja: "Nikirudi nyumbani, Bi Salma, ndipo nitaanza." Mnalisema kwa adabu, na macho yako kwenye simu. Basi kaa kitako. Chai ya tangawizi ipo, na kontena haliji kupakiwa mpaka alasiri.

Bwenini nilikaa chumba kimoja na msichana aliyeitwa Mere. Kwao ni kisiwa kidogo cha Polinesia, katikati ya Pasifiki, na siku ya kwanza nilimwuliza kama ni karibu na Ufilipino, akacheka mpaka akakaa chini. Alikuja kusomea udaktari kwa ufadhili, kama mimi nilivyokuja kusomea biashara. Mwili wake mkubwa na kicheko chake kikubwa. Yeye Jumapili kanisani, mimi sala zangu tano, wala hatukuwahi kugombana isipokuwa kwa ajili ya feni.

Wazee wa kwao zamani waliivuka bahari kuu ile bila dira wala ramani. Walijua kila nyota inachomoza wapi na inazama wapi, wakasoma mawimbi, ndege na rangi ya mawingu. Wageni wakaja na meli zao, watoto wakaambiwa mambo ya babu zao ni ya kishenzi, na elimu ile ikakatika kisiwa baada ya kisiwa. Hayo sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana. Lakini siku zile sehemu nyingi za Polinesia walikuwa wameshaamka, wanajenga tena vyombo vya kale na kuvuka navyo, na kisiwa cha kina Mere nacho kikasema hatubaki nyuma. Walikuwa wanajenga mtumbwi mkubwa, miili miwili iliyofungwa pamoja kwa kamba, na tanga juu yake, ili uvuke mpaka kisiwa cha ndugu zao kilicho mbali sana kuelekea kaskazini. Aliyebaki na elimu yenyewe alikuwa mtu mmoja tu, babu yake Mere, mzaa baba, na macho yake yalikuwa yanaingia ukungu.

Babu alimchagua Mere tangu mdogo awe rubani, na rubani nasema kwa maana yake ya zamani, ya mwongoza chombo baharini, kabla hamjawapa jina hilo watu wa ndege. Lakini wazee wa kisiwa walikuwa wameshakata shauri. Mtumbwi ukishuka majini na hakuna ambaye babu amemkubali, basi utaongozwa kwa mashine ya kuonyesha njia na meli itatangulia mbele. "Itakuwa safari ya kupigwa picha," Mere aliniambia, kwa uchungu. Mtumbwi ungeshuka likizo ya kiangazi ya mwaka ule. Nilipomwuliza kwa nini basi akaja huku, akasema babu mwenyewe ndiye aliyemwambia nenda, kisiwa kinataka daktari pia.

Sasa fikiria mwenyewe. Umepewa kazi ya kujifunza nyota, halafu unaletwa Guangzhou. Wewe umekaa hapa miaka yote hii, umeziona nyota ngapi? Siku zile moshi wa viwanda ulikuwa mzito kuliko leo, na taa za mji huu hazikuanza kuwaka jana. Mimi nilimwambia wazi, ngoja urudi kwenu. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa angoje bahari ikauke.

Siku hizo nilikuwa nikiwatafsiria wanunuzi wa Kitanzania kwenye majengo ya nguo ya Zhanqian Road. Nikamwomba laoban mmoja, mama mwenye duka la vifungo vya makoti, anipe vile vilivyokosa wenzake. "Mei you," akasema, hakuna, kama wanavyosema wote kabla hujamaliza kuuliza. Nikakaa pale nikimsifia mjukuu wake mpaka vikapatikana. Mere akavipanga sakafuni kwa duara, kila kifungo nyota, upande huu pale inapochomoza na upande wa pili pale inapozama, na yeye akakaa katikati, ndiyo mtumbwi. Ayi, yule mama wa Kichina aliyekuwa akifagia bweni, alizoea, akawa anauzungusha ufagio wake pembeni bila kusema kitu.

Kila asubuhi baada ya sala ya Alfajiri nilikaa kitandani nikimwuliza. Hii imezama, ipi inachomoza? Tukielekea kule, ipi iwe begani? Nami nikajifunza kidogo kwa kusikiliza. Siku moja akanieleza nyota zao fulani zilizokaa kikundi, ndogo ndogo, ambazo kwao zikionekana tena alfajiri ni mwaka mpya. Nikamwambia hicho ni Kilimia, baba yangu Makunduchi analimia kwa hicho, na wazee wetu husema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mere akanishika mkono. Akaniuliza mengine ninayoyajua. Sikuwa na lingine.

Kila Jumapili alasiri alikwenda kumpigia babu pale kwenye kibanda, mchana wetu ukiwa usiku wao, mzee naye akiwa uani na nyota zake. Na mzee alikuwa na desturi yake. Katikati ya mazungumzo, bila taarifa, aliuliza: kwetu wapi? Papo hapo Mere alitakiwa kugeuza kifua chake kuelekea kisiwani, popote alipo. Kwa watu wale rubani anaweza kusahau jina la mkwewe, lakini asipojua kwao kuko upande gani hata kwa muda wa kupepesa jicho, anaondoka kwenye kiti.

Siku ile nilimsindikiza. Mzee akauliza, Mere akageuka, kisha babu akataka kuongea na mimi. Alikuwa na Kiingereza cha melini, kifupi kifupi. Ulimi ukanitangulia, nikamwambia shikamoo babu, akaniuliza ni nini hicho, nikamweleza, akakipenda. Akaniuliza mjukuu wake amegeukia wapi, jua liko upande gani wa mwili wake. Nikachungulia nje nikamwambia liko mgongoni. Akaguna kwa kuridhika. Kisha akauliza, taratibu kabisa:

"Na wewe, mjukuu, kwenu wapi?"

Nikageuka kwa haraka, mwanangu, kwa kujiamini, nikaelekea kule ninakoelekea kila siku mara tano. Nikiwa nimeshageuka ndipo nikagundua kwamba hiyo ni kibla. Maka naijua. Makunduchi, nilikozaliwa, anakolala mama yangu, sijui hata niangalie ukuta upi. Nikamwambia mzee kweli, sijui. Hakunicheka. Alisema tu, "Basi uliza," akamtaka mjukuu wake.

Ilipoingia baridi, mvua zikasafisha hewa, na mara baada ya Isha Mere akaona kitu. Kati ya majengo mawili mbele ya bweni letu kulikuwa na upenyo, na kwenye upenyo ule ikaonekana nyota. Kesho yake ikawepo palepale. Wiki iliyofuata palepale. Nyota nyingine zilipita zikajificha nyuma ya maghorofa, ile haikusogea. Ndiyo ile wazee wetu waliosafiri kaskazini kwa majahazi waliyoiita nyota ya jaha, iliyosimama kaskazini na nyingine zote zinaizunguka. Tulifurahi, usiniulize. Mere akaipangua duara yake yote. Kifungo kikubwa kuliko vyote akakiweka pale, na kila nyota akawa anaipima kwa ile. Ilikuwa rahisi sana. Kichwani mwake kila kitu kikawa na msumari wa kutundikia, na majibu ya asubuhi yakawa yanamtoka kabla sijafunga mdomo.

Jumapili moja akamweleza babu kwa fahari. Mimi nilikuwa karibu, nasikia sauti ya mzee inavyopungua. Kisha babu akasema maneno machache, na Mere akaniambia baadaye yalikuwa haya:

"Ukifika huku hiyo nyota itakuwa wapi? Itakuwa chini ya bahari. Basi na yote uliyoyafunga kwayo yatakuwa chini ya bahari. Fungua yote, anza upya."

Kweli, mwanangu. Nyota ya jaha ukivuka ikweta kwenda kusini huioni tena, inabaki chini ya upeo wa macho. Mere alilijua hilo, na mimi nililijua, nimezaliwa kusini ya ikweta sijawahi kuiona kwetu. Lakini kinachoonekana kila siku kina raha yake, na raha husahaulisha. Msichana wa kusini alikuwa amejenga njia ya kurudi kwao kwa nyota ya ugenini. Kosa lile mtoto aliyebaki kisiwani asingeweza kulifanya hata akitaka. Linatupata sisi tuliotoka.

Alilia njia nzima. Mimi nilimkasirikia mzee, nikasema ni mkali mno, mtoto yuko mbali, amehangaika, naye anampiga kwa maneno. Leo nina watoto wangu nimemwelewa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mzee yule hakuwa na muda wa kulia baadaye. Tulipofika chumbani nikampa Mere shauri langu la busara, kwamba kiangazi ki karibu, amwambie babu atafute mtu mwingine, hakuna atakayemlaumu. Alikuwa ameshapiga magoti anaviokota vifungo.

"Nikishindwa nitakuwa nimeshindwa," akaniambia bila kuinua kichwa. "Lakini kuacha, siachi."

Akanawa uso, akaanza upya, kutoka upeo wa macho, mlango kwa mlango, maana kila mahali nyota inapochomoza au kuzama wao huita mlango, kama babu alivyotaka tangu mwanzo. Na alipokaa chini na ramani akaona jambo lililomtia nguvu. Guangzhou iko kaskazini ya ikweta karibu kadiri ileile kisiwa chao kilivyo kusini yake. Kwa hiyo nyota inayochomoza mlango fulani kwao, na hapa huchomoza karibu mlango uleule, ijapokuwa ikishapanda inaegemea upande mwingine. Mashariki yetu na yao ilikuwa moja, ila yetu imefunikwa na maghorofa. Tangu hapo aliukata urafiki na ule upenyo. Dirisha la upande ule alilifunga kwa kanga yangu.

Mwanangu, nimeona watu wenye bidii, nimefanya kazi na Wachina miaka yote hii, lakini sijaona bidii kama ile. Msimu wa maonyesho ya biashara nilipata kazi ya ukalimani Pazhou, naye akanifuata. Unazijua kumbi zile, ukubwa wake, hakuna dirisha wala jua, mtu anaweza kupotea na choo akikiona. Nilimzungusha kati ya vibanda vya pampu na vya masufuria, kulia, kushoto, ngazi ya umeme juu, ngazi chini, kisha katikati ya watu nikamwuliza ghafla: kwenu wapi? Akageuza kifua. Wateja wangu Wakongo wakaniuliza mwenzako ana nini, nikasema anasali. Siku nyingine tulipanda kivuko cha Mto Lulu, akafumba macho akawa ananiambia wimbi hili limetoka kwenye tishari lililopita, hili limegonga ukingo likarudi. Mimi nilikuwa nimeshika reli natafuta pa kutapika. Alikuwa anafeli sana. Kuna siku aligeukia upande usio kabisa, akakasirika, akarudi mlangoni mwa ukumbi akaanza tena. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Kiangazi kikafika, akaondoka na begi la nguo na vile vifungo. Mimi nikabaki. Nilimpigia wiki ile, akaniambia babu alimkalisha ndani ya mtumbwi ukiwa bado juu ya magogo ufukweni, akamwuliza mpaka sauti ikamkauka. Alimwuliza nyuma mbele, alimzungusha, alimtukana kidogo. Halafu mzee akanyanyuka kwa kushikiliwa kutoka kwenye kiti cha rubani, akapapasa ubao kwa mkono wake, akamwambia mjukuu wake kaa hapa. Mashine ikabaki nchi kavu. Mtumbwi ukaondoka na Mere na watu wa kisiwa chake, na kazi ya kuwafikisha ilikuwa ya kichwa chake peke yake.

Nikawa naenda kibandani kila jioni. Anapokea mama yake, anasema bado. Siku zikapita ambazo wao wenyewe walishahesabu kuwa watakuwa wamefika. Mama bado anasema bado, na sauti yake inazidi kuwa ndogo. Nilisali, mwanangu, na nilijilaumu, nikasema nilimsaidia rafiki yangu kujifunza njia ya kufia.

Kisha simu ya bweni ikalia, na kicheko kile kikubwa kikanipasua sikio. Wamefika. Walichelewa kwa sababu mawingu yaliwafunika karibu safari nzima, mazito, hakuna nyota wala mwezi. Vijana wenzake waliokulia kisiwani, mabaharia wazuri kuliko yeye, waliingiwa na hofu, wengine wakaanza kulia, kwa sababu maisha yao yote hawajawahi kulikosa anga. Walimtazama yeye. Nikamwuliza alifanya nini. Akanijibu neno ambalo nimeishi nalo mpaka leo.

"Salma, nilifurahi. Mimi anga lisilo na nyota ndilo nililojifunzia. Nilikaa katikati ya duara yangu, nikahesabu kama chumbani kwetu."

Alilala kifudifudi juu ya mbao, wimbi la mbali likipita chini ya kifua chake, nyota zote zikichomoza na kuzama ndani ya kichwa chake kwa zamu zake, mpaka asubuhi moja wakaona ndege wanaotoka nchi kavu. Babu aliishi akazisikia habari hizo. Mere akarudi Guangzhou akamaliza udaktari wake, na sasa anatibu watu kisiwani na kufundisha watoto nyota, na nywele zake nyeupe kuliko zangu.

Mimi nilifanyaje? Nilifanya kile mzee alichoniambia, niliuliza. Nilimpigia baba nikamwambia nieleze Kilimia, nieleze na upepo, nieleze kila unachopandia na kuvunia, na yeye aliyekuwa mkavu wa maneno akazungumza mpaka kadi ya simu ikaisha. Nilimwuliza kila wiki mpaka alipofariki. Na ukinifumba macho sasa hivi katika ofisi hii, nitakuonyesha kibla, na nitakuonyesha Makunduchi, kusini kidogo ya kibla. Wanangu waliozaliwa hapa nao wanaonyesha, wakipenda wasipende.

Basi sikia nasaha yangu, na usiitikie kwa adabu tu. Mnapenda kuniambia subira yavuta heri. Subira ni ya mtu ambaye mkono wake uko kazini. Anayesema nitaanza nikirudi huyo hasubiri, ameahirisha, na mwalimu wake kule nyumbani anazeeka. Anza hapa, gizani, penye moshi, kwa vifungo vya makoti ikibidi, na anayekukaripia toka mbali mshukuru. Halafu ujichunguze umefunga maisha yako kwenye nini. Kila mji wa ugenini una nyota yake inayong'aa dirishani, haisogei, inakurahisishia kila kitu, cheo, kazi, sifa za watu wa hapa. Itazame, si haramu. Lakini jiulize siku utakapovuka kurudi kwenu itakuwa wapi, kwani mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwacha asili ni mtumwa, na mtumwa wa kitu rahisi ndiye asiyejua kama ni mtumwa.

Haya, nyanyuka, dereva wa kontena ananipigia. Nenda, mwanangu, na leo hii hii umpigie bibi yako. Mola akupe moyo usioacha. Mawingu yakikufunika, yakukute umeshajifunza, na Mwenyezi Mungu akufikishe kwenu ukiwa bado unakujua.